GPS ya pikipiki kunirudisha barabara kuu: jinsi nilivyotatua

Kwa wenzangu mnaopenda njia za vumbi za Usambara: hili limekwisha, naliandika lisije likawasumbua na nyinyi.

Nilichora safari kwenye kompyuta, Lushoto hadi Bumbuli kwa njia za vijijini. Nikiipakia kwenye GPS, mstari unahama wenyewe na kupitia Soni, kwenye barabara kuu. Nikazima barabara kuu kwenye mipangilio, nikasasisha ramani, nikaongeza vituo. Wapi!

Dawa ilikuwa kwenye kuhifadhi faili la GPX, yaani faili linalobeba safari kutoka kompyuta hadi GPS. Ukihifadhi kama ruti, faili hubeba vituo vichache tu, na kifaa hujipangia chenyewe njia ya kuviunganisha kwa ramani yake. Ukihifadhi kama traki, hubeba nukta nyingi zinazofuata kila kona, kifaa hakina cha kukokotoa. Nikahifadhi upya kama traki, nikaipakia, nikaipa rangi nyekundu ionekane juani. Mstari ukatulia.

Ila traki tupu kwa kawaida haikuambii "kata kushoto". Kwa hiyo kwenye njia panda naweka alama kwenye ramani mita chache baada ya kona, ndani ya tawi ninalolitaka. Ikikaa katikati ya njia panda, hujui ushike lipi.