Salamu kwa Gayo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni 3 Yohana 1:2, maneno ya Yohana kwa Gayo, aliyemwandikia barua hiyo: "Mpenzi naomba ufanikiwe katika mambo yote na kuwa na afya yako, kama vile roho yako ifanikiwavyo." Wengi wetu tunalijua kwa moyo. Safari yake hadi kwetu, kama mstari wa injili ya mafanikio, ndiyo hatuijui.

Mwaka 1947, mjini Enid, Oklahoma, Marekani, mchungaji kijana Oral Roberts alitoka nyumbani mbio kuwahi basi, akakumbuka hajasoma Biblia. Akarudi, akaifungua, macho yakatua kwenye mstari huo. Akamwita mkewe Evelyn, wakausoma tena na tena. Kwa simulizi yake mwenyewe, haukupita muda akapata gari jipya, Buick, akalichukua kuwa ishara. Miaka ya 1950 akawa anawaahidi waliotoa dola 100 kwamba Mungu asipowarudishia ndani ya mwaka, yeye atawarudishia. Baadaye akaja na mafundisho ya "mbegu ya imani": toa sadaka kama mbegu, nawe utavuna. Kwa hiyo unapoambiwa "panda mbegu" huku namba ya malipo iko kwenye skrini, ujue hilo lina historia, na si ndefu sana.

Ule upande wa "kiri upokee", yaani tamka unachotaka kwa imani nawe utakipata, unatoka zaidi kwa mhubiri Mmarekani E. W. Kenyon (1867–1948), aliyepata kusoma Boston wakati mafundisho ya nguvu ya fikra yamevuma. Mhubiri mwenzake wa Marekani, Kenneth Hagin, alimfuata kwa karibu mno: katika vitabu vyake zimo aya za Kenyon neno kwa neno.

Sasa turudi kwa Gayo. Kumtakia mtu afya ilikuwa desturi ya barua za Kigiriki, kama barua zetu zilivyoanza na "natumaini u mzima wa afya". Sisemi Yohana alitania. Aliomba kweli, nasi tuombeane hivyo. Ila soma mbele. Gayo anasifiwa kwa kuwapokea wahubiri wageni na kuwasafirisha, watu waliotoka kwa ajili ya Jina bila kuchukua kitu kwa Mataifa. Diotrefe, apendaye kuwa wa kwanza, aliwafungia mlango, na waliotaka kuwapokea akawafukuza kanisani. Gayo alikuwa na mali kiasi gani, Yohana hagusii.

Kwenye ibada ya nyumbani wiki hii tuisome barua yote, tukae zaidi mstari wa 5 hadi wa 8.