Siku Dokta aliponirudishia barua

Ile barua nilikua nimeshaiandika mara saba. Ni 2019, naomba diploma ya ICTP kule Trieste, Italia, kile kituo cha kimataifa cha fizikia alichoanzisha mwanafizikia wa Pakistan, Abdus Salam, mwaka 1964 ili watu wa nchi zetu wanaopenda fizikia nao wapate pa kushika. Diploma yenyewe ya mwaka mmoja tu, inakuandaa kwa ajili ya PhD, na mi nilikua naitaka mpaka usingizi unakata, maana digrii yangu ilikua ya ualimu na kuna hesabu nyingi za kwantamu, fizikia ya vitu vidogo kama atomu, ambazo sikuwahi kuzigusa kabisa.

Nikaipeleka kwa Dokta mmoja pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anipitilie kabla sijatuma. Shikamoo Dokta, marahaba, kaa. Akasoma kimya. Sehemu kubwa ya barua nilieleza tarehe 1 Septemba 2016, nikiwa TP, yaani mazoezi ya kufundisha, wilaya ya Mbarali, siku tuliyoenda Rujewa na wanafunzi kuangalia jua likipatwa. Yaani ile siku siisahau. Kuelekea saa sita mchana mwanga ukapooza, sio giza, ni kama mtu amepunguza taa, kakibaridi kakaingia, alafu kupitia ile miwani ya karatasi nikaona jua limebaki pete. Watu wanapiga kelele. Nikaangalia chini ya mti, pale mwanga unapopenya kwenye majani, nikaona vijipete mamia vimetapakaa mchangani, vinacheza na upepo, mpaka kwenye viatu vya watoto. Ilidumu kama dakika 3 hivi. Binti mmoja wa kidato cha pili akanivuta shati, "Mwalimu, mbona mwezi haujalimaliza jua lote?" Nikamjibu mwezi leo uko mbali. Akauliza mbali kiasi gani, nikamwambia tutaongea darasani, na darasani sikuwahi kuongea hilo, TP ikaisha nikaondoka.

Hilo la binti kwenye barua sikuliweka. Niliandika tu kwamba ile pete ndo ilinifanya niipende fizikia.

Dokta akaigeuza barua, upande mweupe ukawa juu, akaniwekea na kalamu. "Kupenda nimekuelewa. Siku ile mwezi ulifikia asilimia 97 tu ya upana wa jua. Ulikua umbali gani?"

Swali lilelile. Moyo ulinipiga paa.

Nikaanza pale pale mezani kwake. Kipenyo cha jua kilometa 1,392,000, mwanzoni mwa Septemba jua liko kama kilometa milioni 151 kutoka kwetu, ukigawanya unapata pembe, yaani upana wa jua unavyoonekana angani, rediani 0.00922. Chukua asilimia 97 na ushee ya hiyo, 0.00898. Kipenyo cha mwezi ni kilometa 3,474, gawanya kwa hiyo pembe. Ikaja karibu 387,000. Nikamgeuzia karatasi, nimefurahi kweli, nikamwambia si umeona Dokta, ulikua mbali kuliko kawaida.

"Kawaida ni ngapi?"

384,400.

Akanyamaza. Na mi nikanyamaza, maana nimeshaona tatizo. Tofauti haifiki hata kilometa 3,000, kwa umbali wa laki tatu na themanini na kitu hiyo ni chini ya asilimia moja, sasa mwezi, ambao kwa umbali wa kawaida karibu unalifunika jua lote, ulipungukiwa vipi karibu asilimia 3? Nikarudia kugawanya, namba ileile. Nikabadilisha umbali wa jua, wapi. Dokta akainuka akaenda kufundisha kipindi, ameniacha ofisini kwake na feni inazunguka, hajasema kaa wala ondoka. Nikakaa. Nadhani lile saa zima ndo mara ya kwanza kwenye maisha yangu nahangaika na swali ambalo halina mtihani wala maksi wala mtu wa kunisahihishia, ni mi tu na lile jambo, nalitaka likae sawa.

Jibu lilikuja nikiwa nachora. Nilichora dunia kama duara, mwezi kule, alafu nikataka kuweka kadoti ka Rujewa, nikakaweka ukingoni mwa duara upande wa mwezi. Hapohapo nikaona. 384,400 inahesabiwa toka katikati ya dunia, na sisi hatukua katikati ya dunia, tulikua juu yake, saa sita mchana, jua na mwezi karibu utosini! Ile 387,000 ni kutoka kwenye macho yetu. Ongeza kilometa kama 6,000 za kushuka mpaka kwenye kiini, ni 393,000. Hapo sasa ulikua mbali kweli, na pete inakubali.

Dokta aliporudi na chaki mikononi nikamwonyesha. Akaangalia mchoro muda mrefu kuliko alivyosoma barua. Akasema, "Barua yako ianzie hapa," alafu akachukua karatasi nyingine mpya. "Sasa niambie, mwaka mzima mwezi unazunguka, kwa nini hiyo pete hatuipati kila mwezi mwandamo?"

Nikavuta kiti karibu na meza.