Siku moja maishani mwangu: Jumanne ya watoto wa moyo

Jumanne kwetu ni siku ya watoto wa moyo, yaani watoto wenye ugonjwa wa moyo. Hakuna kibao kinachosema hivyo, ni mazoea tu. Jumatatu wanapita kliniki ya moyo, wale wa mbali wanalala kwa ndugu hapa Moshi, kesho yake wanaletwa kwetu macho wamalize yote kabla hela ya nauli haijaisha. Mimi ni optometrista, mpima macho na miwani. Nilisomea KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, na ninafanya kazi kwenye hospitali ambayo sitaitaja, maana kuna mahali huko mbele nitalalamika.

Saa 12:10 asubuhi

Daladala ya kutoka Pasua, nimesimama. Mlima uko wazi, Kibo yote inaonekana. Furahia mapema, saa nne itakuwa imeshajifunika. Nina chupa ya mtori wa jana kwenye mkoba.

Saa 1:30

Kabla ya kufungua mlango, nafungia kabatini chupa ya matone ya fenilefrini, dawa ya kupanua mboni, ya asilimia 10. Tone la jicho halikai jichoni. Linashuka kwenye mfereji wa machozi, linaingia puani, linanyonywa kwenye damu. Kwa mtu mzima mwenye afya hutasikia kitu, ila kwa kichanga presha inaweza kupanda ghafla, sembuse kichanga mwenye moyo mbovu. Kwa watoto tunatumia ya asilimia 2.5, na hata hiyo ukishatia unabana kwa kidole ile kona ya jicho karibu na pua, dakika moja au mbili. Nikiwaona wanafunzi wanatia tone na kugeuka kuandika faili, nawarudisha.

Saa 2:40

Wa kwanza ni kichanga wa wiki saba. Mama yake ni binti mdogo, haongei. Anayeongea ni bibi, wametoka Rombo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu wametuambia ana moyo. Sasa macho mnamtafutia nini?"

Nazima taa. Naomba binti amnyonyeshe, maana mtoto anayenyonya hutulia na kufungua macho mwenyewe. Nakaa umbali wa mkono, namulika mboni zote mbili kwa pamoja. Jicho lenye afya hurudisha mwanga, ule ule unaoharibu picha za mnuso. Kwa watoto wetu mng'ao wenyewe si mwekundu hasa kama vitabu vinavyosema; una rangi ya shaba, kama kaa la moto lililoanza kupoa. Huyu hana mng'ao huo. Jicho la kulia weupe wa maziwa, la kushoto weupe wa maziwa. Mtoto wa jicho, pande zote mbili.

Nafungua faili la moyo: ule mshipa mdogo unaounganisha mishipa miwili mikubwa ya moyo, ambao ulipaswa kujifunga siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, uko wazi. Moyo na macho kwa pamoja, basi namuuliza binti kama aliwahi kutoka vipele mimba ilipokuwa changa. Bibi anamjibia: vilitoka siku tatu, wakadhani ni joto, vikapotea.

Rubela. Daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, ndiye aliyeligundua hili mwaka 1941, alipoona vichanga wenye mtoto wa jicho wakifuatana kliniki kwake, wengi wao na moyo mbovu, na mama zao walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa mimba. Hapa Tanzania chanjo ya surua-rubela ilianza mwaka 2014, watoto wanachomwa wakiwa na miezi 9 na tena 18. Binti huyu alizaliwa kabla yake.

Natoka nje kumwambia mwenzangu asiingie humu leo. Ana mimba ya miezi miwili, na kichanga wa namna hii anaweza kutoa virusi hadi afikishe mwaka, kwenye mate na mkojo. Uthibitisho utatoka maabara, lakini siwezi kumsubirisha mtu mwenye mimba kwa ajili ya karatasi.

Tatizo sasa ni siku. Mtoto wa jicho wa macho yote mawili tunataka atolewe kati ya wiki ya sita na ya kumi. Ubongo hujifunza kuona katika miezi hii ya mwanzo. Ukiukosesha picha sasa, hata ukisafisha jicho mwakani utakuta ubongo ulishaacha kulisikiliza. Ila daktari wa usingizi hamgusi bila kipimo cha karibuni cha eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, na eko amepangiwa baada ya wiki tatu.

"Kwa hiyo?" bibi anauliza.

"Msiondoke Moshi kwanza."

Saa 4:30

Mvulana wa miaka minne kutoka Simanjiro, ana moyo wa Fallot, hitilafu ya kuzaliwa nayo inayopunguza damu kwenda mapafuni, anasubiri zamu ya kwenda kufanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Midomo yake ina weusi wa zambarau, ncha za vidole zimetuna.

Na huyu siendi haraka. Mwaka wangu wa pili kazini niliwahi kumshika mtoto kama huyu kwa nguvu ili nimtie matone, foleni ilikuwa ndefu. Alilia, akazidi kulia, halafu akanyamaza ghafla, rangi ikabadilika kuwa kama ya bilinganya. Muuguzi mmoja mama mtu mzima alinisukuma pembeni, akamkunja mtoto magoti mpaka kifuani, akamshikilia hivyo huku akiita oksijeni. Alirudi. Mimi mikono ilitetemeka mpaka jioni. Wakilia hivyo, njia ya damu kwenda mapafuni huzidi kubana, na damu isiyo na oksijeni ndiyo inayosambaa mwilini.

Kwa hiyo leo chupa naipasha kwanza kiganjani. Mtoto analala juu ya mapaja ya baba yake, anafumba macho, nadondosha tone kwenye kona karibu na pua, halafu tunamwambia ahesabu ng'ombe wa nyumbani. Anahesabu. Akifumbua, dawa inaingia yenyewe. Ng'ombe kumi na nne na ndama.

Ndani, mishipa ya retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea picha, imejaa na kujipindapinda, myeusi kuliko kawaida. Ndivyo ilivyo kwa damu nzito yenye oksijeni kidogo. Damu ya hivyo ikikosa maji inaweza kuziba mshipa, wa jicho au wa kichwa. Namwambia baba ahakikishe anakunywa maji, hasa akiharisha au jua likiwa kali, na akisema ukungu machoni asisubiri tarehe ya kliniki.

Saa 6

Binti wa miaka sita mwenye Down, ile hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, moyo ulishatengenezwa Dar. Karibu nusu ya watoto wa Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, na wengi wao macho hayavuti vizuri vitu vya karibu, ndiyo maana nimempa miwani ya sehemu mbili. Mama analalamika kwamba anaitupa. Naiangalia: haitupi, inateleza, kwa kuwa kitako cha pua yake ni kifupi. Natoa lastiki ya cherehani mfukoni, nafunga nyuma ya kichwa. Limeisha.

Saa 7:20

Mtori umepoa. Nakunywa nikitembea kwenda idara ya moyo kuomba eko. Na malalamiko yangu ni haya: fomu ya mtoto wa moyo ina nafasi ya uzito, chanjo na meno. Meno ni haki yake, bakteria wa jino bovu hufika moyoni kwa damu. Ya macho haipo. Nimeandika barua mara mbili. Kichanga yule amepita mikononi mwa watu wanne kabla yangu, na hakuna aliyemmulika. Sekunde kumi na tochi, basi.

Dada wa mapokezi anasema kitabu kimejaa. Nasimama pale pale. Anaona siondoki, anaingia ndani, anarudi: "Acha faili."

Saa 8:45 mchana

Huyu hakuwa wa Jumanne kabisa. Kijana wa kidato cha pili, mrefu kupita baba yake, kaja kubadilisha miwani kwa mara ya tatu ndani ya miaka miwili. Nammulika, naona mstari uliopinda ndani ya mboni, kama ukingo wa sahani iliyozama kwenye maji. Ni ukingo wa lenzi. Imehama, imepanda juu. Akigeuza jicho, iris, yaani ile duara yenye rangi, inatikisika.

"Hebu kunja ngumi, dole gumba ndani." Kidole kinatokeza upande wa pili. Namwomba azungushe kiganja kwenye kifundo cha mkono mwingine. Gumba na kidole cha mwisho vinapishana bila shida.

Baba anashangaa namwandikia rufaa ya moyo. "Si tumekuja miwani?"

Namweleza kuhusu Marfan, hali ya kuzaliwa nayo inayolegeza tishu za mwili: kinachoshikilia lenzi ndicho hicho hicho kinachoimarisha ukuta wa mshipa mkubwa unaotoka moyoni, na ukuta ukilegea unaweza kutanuka mpaka uchanike. Kunyanyua vyuma na mpira wa kukabana asimamishe mpaka wapimwe. Kijana ananuna, ni beki. Baba anaikunja ile karatasi mara nne, anaitia mfuko wa shati.

Saa 10:30 jioni

Kuandika faili. Nafungua kabati, chupa ya asilimia 10 inarudi mahali pake kwa ajili ya wazee wa Jumatano.

Saa 2:15 usiku

Niko nyumbani, simu ya daktari wa usingizi. Eko ilifanyika saa tisa. Mshipa ni mdogo, moyo haujachoka, anaweza kumlaza. Alhamisi, wa kwanza. Nampigia bibi, wako kwa shangazi, Majengo.

"Ziwa la mwisho saa nane usiku wa kuamkia Alhamisi, bibi. Baada ya hapo asinyonye kitu."

"Akilia?"

"Mbebeni."

Ananyamaza, nasikia anamwambia binti: "Saa nane. Weka alamu kwenye simu yako, na mimi nitakuwa macho."