Ajali ya bodaboda Kenya: karatasi zinazoamua fidia ya abiria

Abiria wa bodaboda anapovunjika mguu, mara nyingi haki ya kudai fidia anayo. Anachokosa ni ushahidi, na ushahidi hupotea siku za mwanzo, yeye akiwa wodini na jamaa zake wakihangaikia bili. Kwa hiyo maelezo haya ni ya jamaa kwanza, maana ndio watakaotembea.

Kitu cha kwanza ni namba ya pleti. Piga picha ya pikipiki, na ya gari kama lilihusika, kabla hazijaondolewa barabarani. Chukua namba za simu za watu wawili walioona: vijana wa steji, mama mboga wa pale kona, yeyote ambaye ana kituo na atapatikana mwaka ujao. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame, atoe jina na anwani yake, na kama hakufanya hivyo papo hapo, aripoti polisi ndani ya saa 24. Wengi hukimbia. Bila pleti hujui mwenye chombo, na bila mwenye chombo hujui bima.

Kisha polisi. Ripoti iandikwe kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, na uondoke na namba yake. Baadaye utachukua abstrakti ya polisi, ambayo ndiyo hutaja pleti, mwenye chombo, kampuni ya bima na namba ya bima yenyewe. Isome hapo hapo kaunta, herufi kwa herufi. Pleti ikikosewa herufi moja, kampuni ya bima itasema haikukatia bima chombo hicho, na kurekebisha baada ya miezi ni kazi ngumu. Fomu ya P3, ambayo ni ya polisi ya kuthibitisha majeraha, hutolewa bure. Hujazwa na polisi, kisha daktari.

Hospitalini ndipo kesi nyingi huharibika kimyakimya. Anayeandika karatasi ya mapokezi yuko mbioni, anaandika "ameanguka". Miaka miwili baadaye wakili wa bima anaisoma karatasi hiyo mahakamani: mgonjwa alianguka, hakugongwa. Omba iandikwe wazi kwamba ni ajali ya barabarani, alikuwa abiria wa pikipiki, tarehe ni hii. Hakikisha pia mguu ni ule ule, wa kulia au wa kushoto, kwenye karatasi zote, na jina ni la kitambulisho, si lile la mtaani.

Risiti ni jambo la pekee. Mahakama za Kenya hugawanya fidia katika mafungu. Maumivu na ulemavu hukadiriwa na hakimu kwa kulinganisha na kesi zilizopita. Gharama ulizotumia, yaani dawa, eksirei, magongo, teksi ya kwenda kliniki, lazima zitajwe kwenye madai na zithibitishwe shilingi kwa shilingi. Usichokuwa na risiti yake, hesabu kwamba hutalipwa. Risiti za karatasi laini za mashine hufutika wino, hasa zikikaa mahali pa joto, kwa hiyo zitoe kopi wiki hiyo hiyo. Na kama umewekewa chuma mguuni, gharama ya kukitoa baadaye nayo iandikwe na daktari na itajwe kwenye madai tangu mwanzo. Ikiachwa nje, hakimu hawezi kukupa.

Muda wa kushtaki ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Chombo kikiwa cha serikali kuu, muda huo hushuka hadi miezi 12, na hapa ndipo watu wengi hukwama kwa kudhani bado wana nafasi. Aliyeumia akiwa mtoto, miaka 3 huanza kuhesabiwa anapofika miaka 18, ingawa mzazi anaweza kushtaki kwa niaba yake mapema, na ni vizuri afanye hivyo kabla mashahidi hawajatawanyika.

Jua pia kikomo cha bima. Chini ya Sura ya 405, yaani sheria ya bima ya magari kwa watu wanaoumizwa, kampuni haiwajibiki kumlipa mdai mmoja zaidi ya shilingi milioni 3. Kinachozidi unamdai mwenye chombo mwenyewe. Na pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi huku ikibeba abiria wa kulipa huleta ubishi mkubwa, kwa sababu kampuni itasema abiria huyo hakuwemo kwenye bima.

Mabroka wanaozunguka wodini na fomu za kusaini waepuke kabisa. Wanamwinda mtu akiwa na maumivu, na hilo ni ukatili. Wakikuahidi wakili wa kulipwa endapo tu kesi itashinda, jua kwamba sheria ya mawakili haiutambui mkataba huo. Usisaini pia hati ya kampuni ya bima ya kupokea "malipo kamili na ya mwisho" kabla daktari hajasema umepona kiasi gani. Ukishaisaini, mfupa ukikataa kuunga, gharama ni yako.

Upande wa kinga, nitataja yale yanayogusa mwili na kesi kwa pamoja. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, na helmeti ni ya abiria pia, si ya mwendeshaji peke yake. Kamba ya kidevuni ifungwe hadi vidole viwili tu vipite. Helmeti isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Mkipakizana watatu au ukikaa kichwa wazi ukaumia kichwa, hakimu anaweza kukubebesha sehemu ya lawama: ukipewa asilimia 20, fidia ya shilingi 1,000,000 inakuwa 800,000.

Leso, dera na buibui vikunjwe na kukaliwa, maana pindo likinaswa na mnyororo au spoki humvuta mtu chini kwa nyuma. Pandia na ushukie upande wa kushoto. Pikipiki nyingi za bodaboda zina ekzosi upande wa kulia, na huunguza kigimbi cha mguu kwa mguso mmoja. Ikikuunguza, mwagia maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta, na lengelenge usilipasue.