Ile ya Pale Si Hii

Mwaka 2017, Dodoma ikiwa bado manispaa na watumishi wa serikali wakiendelea kuhamia kutoka Dar es Salaam, nilikuwa mwalimu wa darasa la awali katika shule ndogo iliyokuwa pembezoni mwa Nkuhungu. Mzazi mmoja alituletea kompyuta 4 za mezani ambazo ofisi yao haikuzihitaji tena, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimejifunza kompyuta kidogo chuoni, mwalimu mkuu alinikabidhi kazi ya kuwafundisha watoto 32 wa miaka 5 na 6 jinsi ya kuzitumia. Niliipokea kazi hiyo kwa furaha kubwa. Wengi wa watoto wale hawakuwa wamewahi kugusa kompyuta, na niliamini, kama ninavyoamini hadi leo, kwamba mtoto wa Nkuhungu anastahili kuizoea mashine hiyo mapema kama mtoto wa mahali pengine popote.

Majuma mawili ya kwanza tulishughulika na kipanya. Nilitumia GCompris, programu ya bure ya watoto isiyohitaji intaneti, ambayo ina zoezi la kusogeza kipanya ili kufuta pazia na kuona picha iliyojificha nyuma yake. Viganja vyao vilikuwa vidogo kuliko kipanya chenyewe, lakini walizoea upesi.

Shida ilianza tulipofika kwenye kibodi. Ilikuwa mwezi Agosti, upepo wa Dodoma ukivuma na vumbi likiingia hadi ndani ya madaftari, na kila asubuhi nililazimika kuondoa khanga nilizozifunikia kompyuta na kupangusa vitufe kimoja kimoja kabla watoto hawajaingia. Siku hiyo nilitaka kupima jambo moja tu. Watoto walikuwa tayari wamefundishwa irabu tano kwa sauti zake, wakizisoma ubaoni na kuziandika katika daftari, kwa hiyo nilimwita kila mmoja mbele ya kompyuta na kumwambia anitafutie o, kisha u, kisha a. Nilikuwa na daftari la maendeleo mkononi, nikiandika matokeo ya kila mtoto kwa kalamu ya wino.

Alikuwepo mvulana mmoja aliyekuwa akiishi na babu yake, mfugaji wa upande wa Zuzu. Nyumbani walizungumza Kigogo, na darasani alisema maneno machache sana. Alipata o mara moja. Alipata u baada ya kutafuta kidogo. Nilipomwambia atafute a, alipitisha kidole juu ya kibodi nzima, mstari wa juu, wa kati na wa chini, bila kuruka kitufe hata kimoja, kisha akarudia tena tangu mwanzo. Mwishowe aliniangalia na kusema kwa sauti ya chini, “Haipo, mwalimu.”

Nilimwambia atazame vizuri. Akatazama, akasema tena kwamba haipo. Nyuma yake kulikuwa na foleni, na dakika 20 za kundi lile zilikuwa zinakwisha. Niliandika mbele ya jina lake: hajazitambua herufi. Aliyemfuata, msichana mwenye kaka wanaosoma shule ya msingi, aliibonyeza A bila kusita, na jambo hilo likanithibitishia kwamba tatizo lilikuwa la yule mvulana. Ni lazima niseme wazi kwamba moyoni nilikuwa nimekwisha kumhukumu kabla hajaketi, kwa sababu ya lugha ya nyumbani kwao na ukimya wake.

Wakati wa mapumziko nilimwona amechuchumaa karibu na tenki la maji, peke yake, akiandika kwa kijiti katika vumbi. Nilipokaribia aliamka na kusimama wima, akidhani amekosea. Chini alikuwa ameandika a, tumbo la mviringo na mguu wake upande wa kulia, kama nilivyowafundisha mwenyewe ubaoni. Alikuwa ameandika nyingi, mstari mzima, na zote zilikuwa sahihi. Alinionyesha kwa kijiti chake, akasema, “Mwalimu, a ni hii. Ile ya pale si hii.”

Nilirudi darasani na kuketi mbele ya kibodi. Nilikuwa nimetumia kibodi kwa miaka, lakini nadhani siku ile ndipo nilipoitazama kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu aliyefundishwa herufi ndogo pekee. Kila kitufe kilikuwa na herufi kubwa. A ya kwenye kitufe ni mistari miwili iliyoegemeana na mwingine uliokatiza katikati, na haina tumbo wala mguu. Katika irabu tano, ni o na u tu ambazo umbo lake kubwa na dogo linafanana, na hizo ndizo mvulana yule alizozipata. Hakuwa amekosea hata mara moja. Mimi ndiye niliyemuuliza kitu ambacho hakikuwa mbele yake, kisha nikaandika katika daftari kwamba hajui.

Jioni nilimsimulia mama yangu, ambaye alisomea uhazili Tabora na kufanya kazi ya katibu muhtasi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alikuwa akichambua mchele, na aliacha ungo akanisikiliza hadi mwisho.

“Mwanangu, sisi chuoni vitufe vya taipureta vilifunikwa,” alisema. “Tulikatazwa kabisa kuvitazama, mpaka vidole vikajua njia. Lakini sisi tulikuwa watu wazima na herufi tulizijua zote, kubwa na ndogo. Hao wako bado wanatafuta kwa macho. Wabandikie zile wanazozijua.”

Nilimwuliza kwa nini vitufe vikawekwa herufi kubwa tangu hapo, naye hakujua. Baadaye nilisoma kwamba mashine ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, aliyepata hataza mwaka 1868 na ambaye mpangilio wake wa vitufe ndio chanzo cha huu wa leo, ilipoanza kuuzwa na Remington mwaka 1874 iliweza kuchapa herufi kubwa tu, na kwamba herufi ndogo ziliongezwa katika mashine ya mwaka 1878, pamoja na kitufe cha shifti. Herufi ndogo ilikuja baadaye, na hadi leo haijapata nafasi yake juu ya kitufe.

Usiku ule tulikata vipande vya karatasi nyeupe, 26 kwa kila kibodi, yaani 104 kwa jumla. Mimi niliandika kwa kalamu nene, mama alikata, kisha tukaviwekea gundi ya utepe ung'aao. Mama alisisitiza mambo mawili. La kwanza, kila kipande kiwe na mstari mwembamba chini yake, kwa maana d ikigeuzwa juu chini huwa p, na n huwa u, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuchanganya viwili mezani pale. La pili, nisizibe vile vipele vidogo vilivyo kwenye vitufe vya F na J. “Hivyo ndivyo vitakavyowaongoza siku wakiacha kutazama,” alisema, na karatasi za herufi hizo mbili alizipunguza yeye mwenyewe kwa mkasi, akijaribu kwa ncha ya kidole hadi aliporidhika.

Somo lililofuata nilimwita mvulana yule wa kwanza. Aliiona a mara tu alipoketi, akaibonyeza kwa nguvu, akainua uso kutazama skrini, kisha akanigeukia. Hakusema neno, lakini safari hii sikuharakisha. Nilitazama alichokuwa akikitazama. Skrini ilikuwa imeandika a ya vitabuni, ile yenye mkunjo juu ya tumbo kama kofia, wala si ile tuliyoizoea ubaoni. Ilikuwa herufi ya tatu kwa sauti moja ileile. Nilibadilisha mwandiko nikaweka Comic Sans, ambao a yake ina tumbo na mguu tu, nikaukuza hadi ukubwa wa 72. Akabonyeza tena. Ilipotokea alitabasamu, na mimi nikalazimika kugeukia dirishani kidogo.

Nilimwambia aandike neno lolote alipendalo. Wenzake walikuwa wameandika baba na mama, maneno mepesi ambayo herufi zake ni chache. Yeye alitafuta n, akatafuta g, kisha akasimama. “Mwalimu, kile kijiti cha juu kiko wapi?” Sikuwa nimekiwekea karatasi, sikuwa nimefikiri kwamba mtoto wa darasa la awali angekihitaji. Nilimwonyesha kitufe chake, upande wa kulia, karibu na enta. Aliendelea na o, akaitafuta m kwa muda mrefu, akapata b na e, na nadhani neno zima lilimchukua zaidi ya dakika 10, huku kundi lote likiwa limemzunguka kimya. Skrini ilisomeka: ng'ombe.

Nilichukua daftari la maendeleo, nikapiga mstari juu ya sentensi yangu ya siku ile, na chini yake nikaandika tarehe na neno hilo.

Babu yake alikuja kumchukua saa sita. Alitusalimu kutoka mlangoni, “Mbukwenyi,” nami nikamkaribisha ndani aone. Alivua kofia yake, akainama mbele ya skrini, na mjukuu wake akamsomea lile neno huku akilifuata kwa kidole. Mzee aliliangalia kwa muda, kisha akauliza mbona yuko mmoja. Mtoto alivuta kiti, akabonyeza enta, akaanza tena kuitafuta n.