Kashata zimeniungulia, ila dogo kaelewa sayansi

Jana jioni niko jikoni napika kashata za karanga, mwanangu wa darasa la sita kakaa kwenye kigoda na daftari lake ananiuliza ati mama mabadiliko ya kiumbo na ya kikemikali tofauti yake nini, na mimi hapo hata sikumbuki vizuri yani. Nikamwambia korogea chumvi kwenye maji, ikapotea, tukaweka jiko la pili mpaka maji yakakauka yote, chumvi hiyo hapo chini imerudi, akaonja, chumvi ileile. Basi hiyo ya kiumbo, nikajiona mwalimu kweli!

Kumbe sukari ya kashata nimeisahau bana. Ilianza kuyeyuka, ikawa rangi ya asali, harufu nzuuuri, nageuka tena moshi umejaa na sufuria nyeusi tii. Dogo kachovya kijiti (kilichopoa jamani, sukari ya moto inababua kuliko maji yanayochemka) akasema mama hii chungu. Nikamwambia ndo ya kikemikali sasa, moto umeivunja sukari, imetoa mvuke wa maji imebaki kaboni, hata ufanyeje hairudi kuwa sukari.

Usiku nikaloweka sufuria na maji ya moto, ile ya kahawia ikayeyuka yenyewe ikatoka, ile nyeusi ng'o, mpaka leo asubuhi nasugua na stilwaya. Na karanga nusu kilo zimebaki zinaniangalia tu, sukari imeisha 😂