Delosperma iliyokuwa ikioza: nilivyoiponya hapa Goma

Kwa wenzangu wa Goma mnaopanda Delosperma cooperi, ule mmea wa Afrika Kusini wenye majani manene unaotambaa na kutoa maua ya zambarau: yangu sasa imeshika, imefunika ukingo wote wa njia. Kabla ya hapo mashina yalikuwa yanalainika kuanzia chini, na ukivuta kidogo tu, kitu kizima kinang'oka.

Nilipunguza kumwagilia, wapi. Nikanyunyiza majivu, wapi. Samadi ndiyo ilizidisha.

Kilichosaidia: niliondoa ule udongo mweusi tunaonunua kwa lori na kumwaga juu ya lava, yale mawe ya volkano. Unashika maji mno, na mvua zetu hazikawii kurudi. Nikainua tuta, nikachanganya kokoto za lava zilizopondwa sehemu mbili, udongo sehemu moja. Kokoto zimejaa kila parseli, yaani kila kiwanja, jamani, hakuna haja ya kununua!

Halafu jambo dogo lenye uzito kuliko yote. Nilikata vipande vya urefu wa kidole, nikatoa majani ya chini, nikavilaza kivulini siku chache hadi mahali palipokatwa pakakauka na kufanya kigaga. Ukipagusa, kidole kisipate unyevu hata kidogo. Ndipo nikavichomeka, nikazungushia kokoto tupu shingoni mwa kila shina, na sikumwaga maji mpaka viliposhika. Sasa namwagilia tu tuta likikauka hadi chini.

Maua yakijifunga siku ya mawingu, msikimbilie ndoo. Ndivyo yalivyo, jua likitoka yanafunguka.